Aliteleza, Mwenzake Akampisha

Mpenzi msomaji, hapa kwetu Nkuhungu ukitaja barafu, watoto wanadhani umewaletea hela. Barafu tunayoijua ni ile ya ubuyu au ya ukwaju inayogandishwa kwenye friji ya jirani. Mtoto anaifyonza akitoka shule, huku vumbi limempanda hadi magotini. Wengi wetu hatujawahi kuona barafu iliyotandazwa kama sakafu ya ukumbi, na mtu mzima akikimbia juu yake kwa viatu vyenye chuma chembamba chini ya nyayo.

Nami sikuwa nimeiona. Niliiona jikoni kwangu, kwenye simu ya binti yangu mkubwa. Alikuwa amekuja kunitembelea na mwanawe mdogo, tukawa tumekaa tunachambua mlenda. Akasema, "Mama, hebu mwone dada huyu." Nikamwona msichana mweusi kama sisi, ameinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni, mikono anaipiga huku na huku, anazunguka uwanja wa barafu. Haikufika hata dakika moja, kwisha. Watu wakashangilia. Nikauliza ni nani. Akaniambia anaitwa Erin Jackson, ni Mmarekani, naye ndiye mwanamke mweusi wa kwanza duniani kushinda nishani ya dhahabu ya mtu mmoja mmoja katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi.

Kisha akaniuliza swali, wala hakuliuliza kwa ukali. "Mama, unajua alianza mbio za magurudumu akiwa na miaka mingapi? Kumi hivi. Umri wangu ule."

Sikumjibu. Niliendelea kuchambua mlenda. Alichokuwa anakisema nilikijua, na mwisho wa makala haya nitawaeleza na ninyi. Lakini kwanza nataka kuwasimulia habari za dada huyo. Tangu siku ile nimezifuatilia, na nimeona zina somo kwa kila mama mwenye binti.

MTOTO WA MJI WA JOTO

Erin Jackson alizaliwa tarehe 19 Septemba 1992 katika mji wa Ocala, jimbo la Florida, kusini mwa Marekani. Ocala ni mji wa joto, unaosifika kwa ufugaji wa farasi. Theluji si ya kwao. Mtoto wa Ocala akikuambia kwamba atakuwa bingwa wa barafu ni sawa na mtoto wa Nkuhungu kukuambia kwamba atakuwa nahodha wa meli. Si kosa kusema, ila watu watacheka.

Kitu kilichokuwepo Ocala ni michezo ya viatu vya magurudumu. Erin alianza utotoni na viatu vile vyenye magurudumu manne, mawili mbele na mawili nyuma, akijifunza kuzunguka na kucheza kwa madaha. Alipofika miaka 10 hivi akahamia kwenye viatu vya mbio. Magurudumu ya viatu hivi yamepangwa mstari mmoja, moja nyuma ya jingine. Watoto wetu wanaotengeneza vigari vya mbao na kuvitia beringi ili washuke navyo mteremko, wanalielewa jambo hili kuliko sisi wazazi. Beringi ikiwa nzuri, ukisukuma kidogo unakwenda mbali.

Kocha wake alikuwa mwanamke, Renee Hildebrand. Mama huyu anastahili heshima ya pekee. Kutoka mikononi mwake, katika mji huo huo usio na theluji, walitoka vijana watatu waliokuja kukimbia juu ya barafu ya Olimpiki: Joey Mantia, Brittany Bowe na Erin Jackson. Naomba ulishike jina hili la Brittany Bowe, maana tutarudi kwake.

Katika magurudumu Erin alipanda haraka. Alikuwa bingwa wa taifa lake mara nyingi, akashinda pia nishani katika mashindano ya dunia akiwa bado kijana mdogo. Hakuishia kwenye mbio tu. Alicheza hata ule mchezo wa timu ambao wanawake waliovaa viatu vya magurudumu hupambana kwa kusukumana, wakizunguka uwanja.

Najua swali lililo mdomoni mwako, maana hata mimi ndilo lililonijia kwanza. Na shule je? Alisoma. Aliingia Chuo Kikuu cha Florida, akachukua uhandisi unaoshughulika na asili na uimara wa vitu kama vyuma, plastiki na kauri. Alihitimu kwa heshima mwaka 2015. Vitabu na magurudumu vilikaa katika mfuko mmoja kwa miaka yote hiyo.

Tena njia yake haikuwa imenyooka. Mama yake mzazi alifariki wakati Erin ni msichana wa umri wa kumaliza sekondari. Mimi ni muuguzi, nimewaona wodini mabinti wa umri huo wakiwa wamesimama kando ya kitanda cha mama aliyekata roho. Wengine huacha kila kitu. Wengine hupata mahali pa kuubebea ule uchungu, iwe darasani, kwenye kwaya au uwanjani. Binti mwenye mahali pa kwenda jioni, penye mtu mzima anayemngoja na kumwita kwa jina lake, ana pa kushika. Erin alikuwa napo.

KUTOKA MAGURUDUMU HADI BARAFU

Mbio za magurudumu hazimo katika Michezo ya Olimpiki ya watu wazima. Kwa hiyo bingwa wa magurudumu anayeitamani Olimpiki hana budi kujifunza barafu. Mambo mengine yanafanana. Katika michezo yote miwili mkimbiaji huinama sana, mapaja yakabeba uzito, na mguu husukuma kwenda pembeni wala si nyuma kama tunavyokimbia sisi.

Lakini chini ya nyayo mambo ni tofauti kabisa. Kiatu cha mbio za barafu kina chuma kirefu chembamba, kinachopita urefu wa kiatu chenyewe. Kisigino hakikufungwa kwenye chuma hicho. Mbele kuna bawaba kama ya mlango, ili mkimbiaji anaponyanyua kisigino, chuma kiendelee kuigusa barafu kwa kitambo kidogo na msukumo usipotee bure. Mtu aliyezoea magurudumu, siku ya kwanza akipanda juu ya chuma hicho, miguu humtetemeka kama ndama aliyezaliwa asubuhi.

Brittany Bowe, mwenzake wa Ocala, alikuwa ameshaipita njia hiyo. Naye alikuwa bingwa wa magurudumu, akacheza mpira wa kikapu chuo kikuu, kisha mwaka 2010 akaingia kwenye barafu. Erin aliijaribu mwaka 2016, na mwaka 2017 ndipo alipoanza mazoezi kwa dhati. Januari 2018, akiwa na miezi ipatayo minne tu ya mazoezi ya barafu, alichaguliwa kwenda Olimpiki ya Pyeongchang, Korea Kusini. Akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuingia katika timu ya Marekani ya mbio za barafu za uwanja mkubwa.

Huko Korea alikuwa wa 24. Akina mama wenzangu, tuseme ukweli. Ni wangapi kati yetu tungempigia simu binti yetu na kumwambia, "Umejaribu mwanangu, sasa rudi nyumbani ukatumie digrii yako"? Erin hakurudi nyumbani. Aliendelea kujifunza kukipiga kile chuma, mwaka baada ya mwaka, hadi Novemba 2021 aliposhinda mbio za mita 500 za Kombe la Dunia huko Poland. Hapakuwa na mwanamke mweusi aliyewahi kushinda mbio hizo kabla yake. Katika msimu huo, kabla ya Olimpiki kufika, walikimbia mara 8 naye akashinda mara 4. Aliongoza dunia nzima katika mbio hizo.

SIKU ALIYOTELEZA

Sasa sikiliza yaliyompata. Ilipofika Januari 2022, Wamarekani walikutana katika mji wa Milwaukee kuchagua watakaokwenda Olimpiki ya Beijing, China. Kwa mbio za mita 500 za wanawake walikuwa na nafasi mbili. Utaratibu wao hauangalii nani alishinda mwezi uliopita. Unakimbia siku hiyo moja, na anayefika wa kwanza na wa pili ndio wanaokwenda.

Erin, aliyekuwa akiongoza duniani, alipiga hatua moja vibaya katikati ya mbio. Hakuanguka. Alipepesuka tu, akajishika, akaendelea. Lakini katika mbio zinazokwisha chini ya sekunde 40, kupepesuka mara moja kunatosha. Alimaliza wa tatu. Nafasi zilikuwa mbili.

Nimewaza sana juu ya siku hiyo. Sisi wanawake tunaijua siku ya namna hiyo. Umefanya kazi kwa uaminifu miaka mingi, kisha siku ya kupimwa ndiyo siku unayoteleza. Binti anafaulu mitihani yote ya ndani, siku ya mtihani wa taifa homa inampanda. Kanuni haina macho ya kuona jana yako.

Aliyeshinda siku hiyo alikuwa Brittany Bowe. Hapo ndipo nilipoiweka simu chini nikafuta miwani. Bowe alikuwa na nafasi nyingine za kwenda Beijing katika mbio za mita 1,000 na 1,500, ambazo ndizo alizokuwa na nguvu nazo zaidi. Hata hivyo nafasi ya mita 500 ilikuwa yake kwa haki. Hakuna ambaye angemlaumu kama angeishika. Alitangaza kwamba anaiacha ili Erin aende.

Tusimwone Bowe kama mtu aliyekuwa na vingi hadi akagawa vilivyomzidi. Yeye mwenyewe anajua kupoteza. Mwaka 2016 aligongana na mwenzake mazoezini, akapata mtikisiko wa ubongo uliomrudisha nyuma kwa muda mrefu. Alirudi taratibu, na mwaka 2019 akaweka rekodi ya dunia ya mita 1,000. Mtu aliyepanda mlima kwa shida namna hiyo, kisha akampisha mwenzake mahali alipofika, hakutoa kitu chepesi. Sisi tunaosoma Biblia tunamkumbuka Yonathani, mwana wa mfalme, aliyevua joho lake akampa Daudi.

Baadaye nafasi za nchi mbalimbali zilipogawanywa upya, Marekani iliongezewa nafasi moja, na Bowe naye akapata kukimbia mita 500. Lakini siku ile alipompisha mwenzake hakuwa na ahadi hiyo mkononi. Alitoa kwanza, nyongeza ikaja baadaye.

SEKUNDE 37.04

Mbio zenyewe zilikuwa tarehe 13 Februari 2022. Uwanja wa mchezo huu ni njia ya mviringo yenye urefu wa mita 400. Wanakimbia wawili wawili, mmoja ndani na mmoja nje, na wanapofika upande wa pili hubadilishana njia ili pasiwe na aliyepunjwa. Hawashindani wao wawili tu, bali kila mmoja anashindana na saa. Wote wakishamaliza, mwenye muda mfupi kuliko wenzake ndiye bingwa.

Erin alitumia sekunde 37.04. Miho Takagi wa Japani alitumia sekunde 37.12, na Angelina Golikova wa Urusi sekunde 37.21. Kati ya dhahabu na fedha palikuwa na tofauti ya sehemu 8 tu za sekunde iliyogawanywa mara 100. Ukifumba jicho na kulifumbua, mbio zimeshaamuliwa. Piga hesabu nyingine. Mita 500 kwa sekunde 37 ni mwendo wa wastani wa zaidi ya kilometa 48 kwa saa, na hapo alianza akiwa amesimama. Hiyo ni kasi ya pikipiki mjini, na injini ni mapaja ya mwanamke.

Marekani ilikuwa haijapata mwanamke wa kushinda mbio hizo tangu Bonnie Blair mwaka 1994. Na mwanamke mweusi wa nchi yoyote alikuwa hajapata dhahabu yake peke yake katika Olimpiki ya baridi tangu michezo hiyo ilipoanza mwaka 1924.

Na Bowe je? Katika mbio hizo za mita 500 alikuwa wa 16. Siku 4 baadaye, katika mbio zake za mita 1,000, alipata nishani ya shaba. Aliondoka Beijing naye akiwa na nishani yake shingoni.

WALIOTANGULIA

Mtu hapiti porini bila mwingine kukanyaga majani kwanza. Mwaka 2006, huko Turin, Italia, kijana mweusi wa Chicago aitwaye Shani Davis alishinda mita 1,000 juu ya barafu. Ndiye mweusi wa kwanza kupata dhahabu ya peke yake katika Olimpiki ya baridi, na mwaka 2010 akaipata tena. Davis pia alianza na viatu vya magurudumu utotoni. Alipokuwa mtoto, mama yake, aliyekuwa akimlea, alihamisha makazi kutoka sehemu moja ya Chicago kwenda nyingine ili wawe karibu na klabu ya mazoezi. Alihama nyumba, mpenzi msomaji, kwa ajili ya mchezo wa mtoto. Nilipolisoma hilo nilikumbuka kwamba mimi sikukubali hata kuhamisha muda wa kuteka maji.

Hata Afrika Mashariki tumewahi kuigusa baridi hiyo. Mwaka 1998 Philip Boit, mkimbiaji wa Kenya, alikwenda Nagano, Japani, kushindana katika mbio za kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu. Miaka miwili kabla yake alikuwa hajaiona theluji kwa macho. Alifika wa mwisho, lakini bingwa wa mbio hizo, Bjørn Dæhlie wa Norwei, alimngoja kwenye mstari ili amkumbatie. Boit akaja kumpa mwanawe jina la Dæhlie. Mwaka 2005 ukumbi wa barafu ulifunguliwa katika hoteli moja ya Nairobi, vijana wakaanza kujifunza kuteleza wakiwa kwao. Na mwaka 2018 Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kulelewa Austria, aliiwakilisha Kenya katika kushuka milima ya theluji. Ilikuwa Olimpiki ile ile ya Pyeongchang ambayo Erin alikuwa wa 24.

NENO LA MUUGUZI

Sisemi kwamba tukachimbe viwanja vya barafu Dodoma, ambako maji ya kunywa yenyewe tunayawekea foleni. Ninasema juu ya mabinti na miili yao. Kliniki nimeulizwa mara nyingi kama kukimbia na kuruka kunaharibu kizazi cha msichana. Hapana. Mfuko wa uzazi umekaa ndani ya nyonga umehifadhiwa vizuri, wala hautikiswi na mbio. Msichana mwenye afya anaweza kucheza hata akiwa katika siku zake, mradi awe na pedi au kitambaa safi, na mahali pa kujisitiri na kunawa. Maumivu yakimzidi apumzike. Siku nyingine asifungiwe ndani.

Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba watoto na vijana wa miaka 5 hadi 17 wautumikishe mwili kwa wastani wa dakika 60 kila siku. Mifupa hujengwa zaidi utotoni na katika ujana. Ule uimara anaoupata binti sasa ndio atakaoutumia akiwa mama, na ndio utakaomsaidia asivunjike nyonga uzeeni. Huenda utasema binti yako anabeba ndoo, inatosha. Ndoo inautumikisha mwili, ni kweli. Lakini ndoo haimfundishi kushindwa leo na kurudi kesho kujaribu tena.

Kwa wale ambao watoto wao wamepata viatu vya magurudumu, maana siku hizi vinaonekana hata mitaani kwetu, nina maonyo matatu. Kwanza, mtoto asiteleze kwenye barabara ya magari, bali atafutiwe sakafu ya saruji iliyozungushiwa uzio. Pili, avae kofia ngumu na vikinga vya vifundo vya mikono, magoti na viwiko, kwa sababu anayeanguka hutanguliza mikono, na mfupa wa kifundo cha mkono ndio huvunjika mara nyingi. Tatu, akigonga kichwa kisha akatapika, akasinzia isivyo kawaida, akazidiwa na maumivu ya kichwa au akachanganyikiwa, usimlaze ukasubiri asubuhi. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo.

Na kuhusu usalama wa binti safarini na mazoezini, hofu yako ni ya haki. Lakini dawa ya hofu hiyo ni kumjua mwalimu, kuwajua wanaofuatana naye, na inapowezekana kwenda naye. Kumkatalia ni njia nyepesi zaidi, najua. Niliitumia.

YALIYOTOKEA NYUMBANI KWANGU

Binti yangu alikuwa na miaka 11. Jioni moja mwalimu wa michezo alikuja nyumbani akiwa ameshika daftari. Alisema mtoto amewashinda wote katika mita 100 na mita 200, na wanamtaka katika timu itakayokwenda kambini kujiandaa kwa UMITASHUMTA. Akaomba ruhusa yetu wazazi.

Mume wangu alinitazama. Alikuwa ameniachia mimi nijibu. Nikasema haiwezekani. Nilitaja masomo, nikataja usalama, nikataja wadogo zake. Zote zilikuwa sababu za kweli. Lakini ile sababu kubwa sikuitaja: nilikuwa nikitoka zamu ya usiku nikiwa nimechoka, na bila yeye hakukuwa na wa kuteka maji na kumbeba mdogo wake. Mwalimu akafunga daftari lake, akaaga kwa adabu. Mtoto alikuwa amesimama mlangoni, amesikia yote. Hakulia. Akaenda kuosha vyombo.

Sijui angefika wapi, na huenda angeishia mkoani tu. Lakini nafasi ile ilikuwa yake. Aliishinda kwa miguu yake mwenyewe, nami nikaichukua nikaitumia kupumzika. Hayo ndiyo aliyokuwa akiniambia siku ile kwa kunitajia umri wa Erin.

Nilipomaliza kufuatilia habari hizi nilimpigia simu. Nikamwambia, "Mwanangu, siku ile ya mwalimu, nilikosea. Nisamehe." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mama, nilishakusamehe zamani. Nilikuwa nataka tu ujue kwamba nilikuwa na kasi." Nikamwambia ninajua. Akacheka. Tukazungumza habari za mtoto wake anayeota meno.

Wiki mbili baadaye, tukitoka kwenye kikao cha akina mama wa kanisani, jirani yangu alinilalamikia kuhusu binti yake wa darasa la tano. Mwalimu anamtaka kwenye mazoezi ya mbio Jumanne na Alhamisi jioni, na nyumbani kuna pacha wa mwaka mmoja. "Nimemwambia aache," akasema. "Nani atanishikia hawa?"

Nilijisikia kama mtu aliyeletewa daftari lile kwa mara ya pili. Nikamwambia siku hizo mbili, nisipokuwa zamu, pacha watashinda kwangu, na nikiwa zamu tutatafutana. Alishangaa, akadhani natania. Jumanne iliyofuata aliwaleta mwenyewe, mmoja mgongoni, mmoja mkononi. Walilia saa nzima. Dada yao alipita nje ya geti akikimbilia uwanjani, kandambili mkononi.

Sina nishani ya kumpisha mtu, wala sina barafu. Nina jioni mbili kwa wiki. Je, mpenzi msomaji, wewe una nini? Na katika mtaa wako, ni binti yupi anayengoja umpishe?